Mtoto wa Mmisionari kama Msimulizi: Bei ya Kuvuka Mto

Tawasifu ni utungo ambao watahiniwa wengi huuchukulia kwa wepesi. Kuifafanua wanajua: ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu huyo mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Wakishasema hivyo huona kazi imekwisha, na wakipewa dondoo la tawasifu kulihakiki hulisoma kama taarifa ya habari. Mwandishi amesema hivi, basi ndivyo ilivyokuwa. Sisi walimu tunachangia kosa hili. Tunafundisha tofauti iliyopo baina ya mwandishi na msimulizi tunapofika kwenye riwaya, lakini tawasifu tunaiacha ipite kana kwamba humo hakuna msimulizi.

Muhula mmoja niliamua kuwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu jambo hili kwa mfano ambao hawakuutarajia. Niliwasimulia utoto wa Louis Leakey kama alivyouandika mwenyewe katika kitabu chake White African, yaani Mwafrika Mweupe, kilichochapishwa mwaka wa 1937. Jina la Leakey walilijua kwa ajili ya mafuvu ya Olduvai wanayokutana nayo katika somo la Historia. Hawakujua kwamba mtu huyo alizaliwa Kabete, mtoto wa wamisionari, na kwamba alikua akizungumza Kikuyu kama wenzake wa kijijini. Nilipomaliza, mvulana mmoja aliyezoea kukaa kimya akauliza, "Mwalimu, kwani mtoto naye ni mkoloni?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka kwa sababu sikuwa na jibu, na kengele ikaniokoa. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo, ingawa nimechelewa na yule mvulana amekwisha kumaliza shule. Nitashikilia kwamba katika simulizi za watoto wa wamisionari wa Kiprotestanti waliolelewa katika makoloni mna sauti mbili: ya mtoto anayeona, na ya mtu mzima anayeandika. Mhakiki akitaka kuzitenganisha hana budi kuuliza jambo moja la msingi. Mtoto huyu alipovuka kutoka upande wa wazazi wake hadi upande wa wenyeji, kuvuka huko kulimgharimu nani, na kiasi gani?

Tuanze na Kabete. Harry Leakey na mkewe Mary walikuja kufanya kazi chini ya Church Missionary Society, yaani CMS, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Louis alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903, kabla ya miezi yake kutimia. Inasimuliwa kwamba wazee wa Kikuyu waliokuja kumtazama mtoto yule wa ajabu walimtemea mate, kitendo ambacho katika mila zao ni baraka. Baba yake alipewa jina la Giteru kwa sababu ya ndevu zake, na baadaye alishiriki katika kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kikuyu. Watoto walifundishwa nyumbani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, safari za kwenda Uingereza zilikatizwa, na kijana Louis akakaa Kabete miaka yote ile ambayo watoto wa daraja lake walikuwa wakipelekwa katika shule za bweni ng'ambo.

Matokeo yake ni sura za utoto zenye uhai wa kuvutia sana. Kijana anatega wanyama na kuwavizia, akifundishwa na mwindaji aliyeitwa Joshua Muhia. Anaokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo baada ya kusoma kitabu cha watoto kuhusu watu wa kale, na ingawa watu wazima hawakuyajali sana, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, Arthur Loveridge, anamhakikishia kwamba kweli ni zana za kale. Anajijengea nyumba yake mwenyewe karibu na ya wazazi, kama vijana wa Kikuyu walivyokuwa wakitoka katika nyumba za mama zao. Anapofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi anaingizwa katika riika, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, na kupewa jina la Wakaruigi, mwana wa kipanga. Anatueleza kwamba kwa lugha na kwa fikra alikuwa Mkikuyu zaidi kuliko Mwingereza, na kwamba hata ndoto zake zilimjia kwa Kikuyu. Chifu Koinange wa Mbiyu naye aliwahi kumwelezea kuwa mtu mweusi mwenye uso mweupe.

Hebu mwalimu alitazame anwani ya kitabu hicho kwa jicho la fani. Mwafrika Mweupe ni tanakuzi. Maneno mawili ambayo sheria za koloni ziliyatenganisha kwa ua, kwa hospitali na kwa mabehewa ya gari la moshi, mwandishi anayaunganisha katika jina lake mwenyewe. Tanakuzi hii ina nguvu kwa sababu ina ukweli ndani yake. Sidhani Leakey alikuwa anadanganya. Anayeijua lugha ya jirani yake tangu kunyonya, akaiota, si mgeni wa kawaida. Sisi tunaofundisha lugha tunapaswa kuwa wa kwanza kulikubali hilo.

Lakini tuulize pia: ni nani anayeitamka tanakuzi hiyo, na lini? Si mvulana wa miaka kumi na mitatu. Mvulana yule hakuhitaji kujiita Mwafrika mweupe. Alikuwa Wakaruigi, basi. Anayeitamka ni mwanamume wa miaka thelathini na ushei, aliye Uingereza, ambaye ndoa yake ya kwanza ilivunjika kwa talaka mwaka wa 1936 kwa namna iliyomharibia nafasi aliyoitazamia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Ni mtu aliyehitaji kujieleza upya kwa umma. Ujuzi wake wa Afrika ndio uliokuwa mtaji wake, na utoto wa Kabete ndio uliokuwa ithibati ya ujuzi huo. Hiyo ndiyo sauti ya pili. Mtoto anasema, tulitega ndege. Mtu mzima anasema, kwa kuwa nilitega ndege pamoja nao, mimi nina haki ya kuwasemea. Watahiniwa wetu huisikia sauti ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo tamu.

Kuna mwaka mmoja ambao naona unatosha kuonyesha pengo lililopo baina ya sauti hizo. Mwaka wa 1920 Leakey, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alipelekwa katika shule ya Weymouth kule Uingereza. Maelezo yake ya shule hiyo ni ya kusikitisha na ya kuchekesha kwa pamoja. Kijana aliyejijengea nyumba na kulala humo peke yake sasa anaomba ruhusa kwa kila jambo dogo. Michezo ya wenzake haijui, desturi zao hazijui, na wanamtania. Msomaji humwonea huruma, na ni haki yake kumwonea.

Mwaka huohuo wa 1920, hapa nyumbani, serikali ya koloni ilikuwa ikitekeleza kwa nguvu sheria ya usajili wa Waafrika. Vijana wa kiume wa umri wa Leakey, yaani wenzake wa riika, walianza kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na majina ya waajiri, iliyofungwa ndani ya kijisanduku cha bati na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Kutoka mahali pa kazi bila idhini ya mwajiri kulikuwa kosa la jinai. Na ardhi ya Kiambu iliyozunguka misheni ilikuwa imeanza kugawiwa walowezi tangu 1903, mwaka uleule wa kuzaliwa kwake. Wavulana walioketi pamoja katika kiapo cha riika moja walifika umri mmoja, na mmoja akapewa tiketi ya meli, wengine wakapewa kipande. Sisemi Leakey alipaswa kuandika kitabu cha siasa. Ninasema mtahiniwa anayehakiki furaha ya sura zile bila kuiweka kando ya kipande anaihakiki nusu.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kuwa mtoto wa mmisionari hakukuwa karamu. Pale Kijabe, shirika la Africa Inland Mission lilianzisha mwaka wa 1906 shule ya watoto wa wamisionari, Rift Valley Academy, na mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, akaja kuweka jiwe la msingi la jengo lake kubwa. Shule za aina hiyo ziliwatenga watoto na wazazi wao kwa miezi mingi kwa mwaka, wazazi wakiwa wamekwenda kuwahudumia watoto wa watu wengine. Mtoto alijifunza mapema kwamba kazi ya Mungu ilikuja kabla yake, na malalamiko dhidi ya Mungu utayapeleka kwa nani?

Wapo pia ambao hawakufikia umri wa kulalamika. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa CMS ambaye sisi wa Kiswahili tunamtaja kwa ajili ya kamusi yake, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akamfuata. Kaburi liko upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Kabla ya hapo, wakiwa safarini katika nyika za Uhabeshi, Rosine alikuwa amejifungua binti mwingine ambaye hakuishi. Krapf alimbatiza kwa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Kila ninapofungua kamusi yake nalikumbuka jina hilo, ingawa halimo humo. Mtoto wa kwanza wa mmisionari wa Kiprotestanti katika pwani yetu hakuacha tawasifu, aliacha kaburi. Mhakiki asiyeweza kuona huruma hapo aiache kazi hii.

Baada ya huruma tunarudi kwenye swali la bei, na hapa napendekeza mwalimu amweke Wakaruigi kando ya msichana ambaye wengi wetu tunamfahamu: Muthoni katika riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, The River Between, iliyochapishwa mwaka wa 1965. Muthoni pia ni mtoto wa nyumba ya Injili. Baba yake, Joshua, ni mhubiri aliyeipokea dini mpya kutoka misheni ya Siriana na kuishika kwa ukali kuliko hata waliomletea. Muthoni anataka jambo ambalo ukilitazama vizuri ni lilelile alilolitaka Leakey. Anataka kubaki mtoto wa Kristo kwa baba yake na pia kuwa mtu kamili wa kabila lake. Anatoroka ng'ambo ya mto Honia, anapashwa tohara, jeraha linakataa kupona, anakufa. Baba yake anamfuta moyoni kana kwamba hakuwahi kuwa na binti wa jina hilo.

Kabla sijaendelea, tahadhari kwa mwalimu wa kidato. Ukeketaji umepigwa marufuku nchini kwa sheria ya mwaka wa 2011, na makala haya hayautetei hata kidogo. Muthoni aliuawa na jeraha, na wasichana wetu wanapaswa kuambiwa hivyo bila kupindapinda. Riwaya yenyewe haifichi damu. Ninachokilinganisha hapa ni tamaa ya mtoto ya kuwa wa pande zote mbili na namna jamii inavyoipokea tamaa hiyo, wala si mila yenyewe.

Louis Leakey, mtoto wa mmisionari, alivuka akaingia katika riika la Wakikuyu, akarudi nyumbani kwa chakula cha jioni. Hakuna aliyesema ameurudia upagani. Kuvuka kwake kuligeuka kuwa hazina: kulimpa jina, kukampa lugha, na hatimaye kukampa kitabu. Hata alipoingia Cambridge mwaka wa 1922 aliiwasilisha Kikuyu kama mojawapo ya lugha zake za mtihani, na hati ya kuthibitisha ujuzi wake ikatiwa alama ya kidole gumba cha Chifu Koinange. Muthoni, mtoto wa mwongofu, alivuka mto uleule akapoteza baba, kanisa na uhai. Huyu ni mhusika wa kubuni, yule aliishi. Lakini Ngugi hakumbuni kutoka hewani. Mgogoro wa mwaka wa 1929, makanisa ya kimisionari yalipowataka waumini wa Kikuyu waikane tohara ya wasichana la sivyo watengwe, uliwakuta watoto wengi kama yeye katikati, na wengine walifukuzwa shule kwa ajili ya msimamo wa wazazi wao. Kuvuka kwa mmoja kulihesabiwa elimu, kwa mwingine kukahesabiwa uasi. Ndipo ninapoanza kuona jibu la yule mvulana wangu. Mtoto si mkoloni, ila mto aliouvuka ulikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alimfungulia mmoja bila kumuuliza kitu.

Kuna mvulana wa tatu ambaye hapaswi kusahauliwa. Mwaka wa 1909, mwendo mfupi tu kutoka Kabete, mtoto aliyeitwa Kamau aliingia katika misheni ya Waskoti pale Thogoto akawa mwanafunzi wa bweni. Ndiye aliyekuja kuitwa Jomo Kenyatta. Kitabu chake kuhusu Wakikuyu, Facing Mount Kenya, kilitoka mwaka wa 1938, mwaka mmoja tu baada ya Mwafrika Mweupe. Vitabu viwili juu ya watu wale wale, kila kimoja kimeandikwa na mtoto aliyelelewa ndani ya ua wa misheni, na kila mmoja akidai kuwasemea watu hao. Sijui kwa nini hatuvisomi pamoja. Yamkini ni kwa sababu kimoja tumekiweka rafu ya Historia na kingine hatukukiweka popote.

Wanaume hao wawili walikutana katika chumba cha mahakama pale Kapenguria. Kesi ya Kenyatta na wenzake ilipoanza mwishoni mwa mwaka wa 1952, mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey. Mwaka huohuo alikuwa amechapisha kitabu juu ya Mau Mau na Wakikuyu. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alipinga kwamba mtu huyo hakuwa wa kutegemewa kuwa mkalimani asiyeegemea upande, na Leakey akajiondoa. Lugha aliyoinyonya Kabete, lugha ya mitego na ndoto, sasa ilikuwa chombo cha serikali. Naye Koinange, mzee wa kidole gumba? Alikamatwa mwaka huo wa 1952 akahusishwa na mauaji ya Chifu Waruhiu, mahakama ikamwachilia, serikali ikamweka kizuizini hata hivyo. Alifariki mwaka wa 1960. Haki inatudai tuseme pia kwamba Mau Mau ilimuua Gray Leakey, jamaa yake Louis, mwaka wa 1954, kwa namna ya kutisha, ingawa alikuwa mlowezi aliyefahamika kwa urafiki wake na Wakikuyu. Kinaya hapa hakimwachi mtu yeyote salama.

Baadhi ya walimu wataniuliza kama tatizo hili la sauti mbili linaweza kuepukwa. Barbara Kingsolver, mwandishi wa Marekani, alijaribu katika riwaya yake The Poisonwood Bible ya mwaka wa 1998. Humo mchungaji wa Kibaptisti, Nathan Price, anaihamisha familia yake hadi kijiji cha Kongo mwaka wa 1959, mkoloni Mbelgiji akiwa karibu kuondoka. Mchungaji mwenyewe hapewi nafasi ya kusimulia hata ukurasa mmoja. Wanaosimulia ni mkewe na binti zake wanne, kwa zamu, kila mmoja kwa mtindo wake. Mbinu hii inafaa sana kufundishia usimulizi. Rachel anachanganya maneno asiyoyaelewa, Adah anayasoma maneno kwa kuyageuza nyuma mbele, na Ruth May mwenye umri wa miaka mitano anaona bila kujua anachokiona.

Kuna tukio katika riwaya hiyo ambalo kila mwalimu wa lugha atalipenda. Mchungaji anahubiri kwamba Yesu ni wa thamani, akitumia neno la wenyeji. Lakini neno hilo likitamkwa vibaya lina maana nyingine: mti wenye sumu unaowasha ngozi, tuseme kama upupu wetu. Jumapili baada ya Jumapili anawatangazia waumini kwamba Yesu ni upupu, na watoto wake wanajua, yeye hajui. Mtoto anaielewa lugha, mzazi anayeihubiri haielewi. Kingsolver amekigusa kiini cha maisha ya watoto hawa, kwamba wao walikuwa wakalimani wa nyumba kabla hawajajua kuwa kuna vita.

Hata hivyo nina lawama moja, na sioni aibu kuisema kuhusu kitabu kilichosifiwa hivyo. Sauti tano, na zote ni za familia ya Price. Wakongo katika kijiji hicho wana hekima, wana ucheshi, wana majina, kalamu hawana. Kingsolver ameigawa nafsi ya kwanza mara tano bila kuivusha ng'ambo ya uzio. Leah anaolewa na mwalimu Anatole na kubaki Afrika maisha yake yote, lakini habari za Anatole tunazipata kutoka kwa Leah. Waliokuwa upande wa pili wa utoto huo, wale waliobeba, waliopika, waliofundisha kutega, bado wanasubiri.

Nalisema hili kwa sababu linanihusu. Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa yaya katika nyumba ya wamisionari kabla ya uhuru, akiwa msichana mdogo. Misheni yenyewe sitaitaja. Alimbeba mgongoni mtoto wao wa kike tangu akiwa wa miezi hadi alipotimiza miaka mitano wakaondoka. Alitusimulia kwamba mtoto yule alisema lugha yetu safi kuliko sisi wajukuu zake, na nina hofu ilikuwa kweli. Alitusimulia siku ya kuondoka, mtoto akiling'ang'ania leso lake hadi likachanika. Barua ilikuja mara moja. Baadaye hazikuja. Hadi alipofariki nyanya alimtaja mtoto huyo kwa jina alilompa yeye mwenyewe, si lile la ubatizo.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika katika misheni hiyo kwa shughuli za mashindano ya tamthilia. Katika ukumbi kuna picha za zamani ukutani. Katika mojawapo ameketi mtoto wa kizungu mwenye kofia, na nyuma yake amesimama msichana Mwafrika mwenye leso. Chini ya picha limeandikwa jina kamili la mtoto na mwaka. Kisha pameandikwa: pamoja na yaya. Siwezi kuapa kwamba ni nyanya yangu, kwani uso umefifia, na wasichana waliobeba watoto katika nyumba zile walikuwa wengi. Nilisimama pale hadi wanafunzi wakaja kuniita tupande basi.

Kwa hivyo nimelibadilisha zoezi langu la tawasifu. Siku hizi nawasomesha wanafunzi habari za Kabete kwanza, halafu nawaambia waandike tawasifu ya mtu wa pili katika picha: mwindaji aliyefundisha kutega, kijana wa riika aliyevalia kipande mwaka wa 1920, mpishi, yaya. Nawakataza kumfanya mtoto wa mmisionari kuwa shetani, maana hilo ni jepesi na watahini wamelichoka. Mtoto na awe mtoto. Wengi huanza kwa methali kama walivyofunzwa, na insha hufa hapohapo. Wachache huanza mahali pengine. Msichana mmoja aliandika kwa sauti ya yaya ambaye kila jioni anamvua mtoto viatu, anavipangusa, kisha anavijaribu mguuni pake na kuona havimwingii, ingawa anajua haviwezi kumwingia. Aliandika ukurasa mzima juu ya viatu hivyo. Nilimtuza alama kumi na saba kwa ishirini. Mtoto wa mmisionari alikuwa amempa jina, na wazazi wake, na hata mbwa wao. Msimulizi hakumpa. Niliandika pambizoni kwa kalamu nyekundu: "Wewe unaitwa nani?" Nikamrudishia aiandike upya.